Uzi wa masika: mvua, mchicha, kuku na paka. Leteni hali ya kwenu

Kibaraza_Goba (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za mvua. Uzi huu ni wa soga za kawaida tu: kunanyesha wapi, bustani ikoje, kuku wanataga au wamegoma, paka kalala juu ya nguo za nani. Sharti ni moja: ukiandika, taja uliko. Huku Dar, Pwani, Tanga, Zanzibar, Kilimanjaro na Kanda ya Ziwa tuna vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, kwa hiyo sasa tumo katikati ya maji. Mbeya, Iringa, Songea, Dodoma na Mtwara wana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, nao ndio wanamalizia. Ushauri wa kupanda ukisafiri bila jina la mji, mbegu ya mwenzako inaozea ardhini.

Goba tangu alfajiri ni manyunyu, wingu zito liko upande wa baharini. Karibuni.

BiMwanamvua (Tanga)

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Tanga inashuka kwa kishindo saa nzima, kisha jua linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Swali la bustani: mchicha unaota wote vizuri, ukifika siku ya tano au ya sita unaanza kulala mmoja mmoja. Shina usawa wa udongo limekuwa jembamba na jeusi, majani bado kijani. Ni mdudu?

Shamba_Darasa (Morogoro)

Marahaba. Dada Mwanamvua, huyo si mdudu. Hiyo ni kinyausi, ukungu unaokaa kwenye udongo na kushambulia mche ungali laini. Mdudu angekata shina na ungeona jeraha au kipande kimekosekana. Kinyausi hunyong'onyeza shina palepale linapotoka ardhini, na huenda kwa duara: leo miche minne, kesho sahani nzima.

Miche iliyokwisha kuanguka haiponi. Ing'oe pamoja na udongo wake kidogo, itupe mbali, usiirudishe kwenye mboji. Acha kumwagilia mpaka juu pakauke, na panua nafasi kati ya ile iliyobaki ili upepo upite.

Kwa tuta jipya, fanya hivi. Upana mita 1 ili ufikie katikati bila kukanyaga, kimo sentimita 20 hadi 30, mfereji wa sentimita 30 kila upande wenye mteremko wa kutoa maji nje. Watu wengi wanainua tuta halafu mfereji wanauziba mwisho, maji yanasimama na kupanda kwenye tuta kutoka chini. Samadi iwe imeoza kabisa, isiyotoa joto ukiingiza mkono wala harufu ya mkojo. Debe moja linatosha mita 2 za mraba.

Kosa kubwa ni wingi wa mbegu. Mbegu ya mchicha ni ndogo, mkono unamwaga. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kama mita 3 za mraba. Changanya na vijiko kumi vya mchanga mkavu, mwaga kwenye mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20, kina kisizidi sentimita 1. Tandaza nyasi juu, ziondoe siku ya tatu hadi ya tano ukiona vichwa vinachungulia. Ukichelewa kuzitoa, miche inarefuka kutafuta mwanga, na mche mrefu mwembamba ndio kinyausi inaoupenda. Mvua ya kishindo kama ya Tanga inahitaji kichanja cha makuti, mita moja juu ya tuta, makuti yawe na matundu. Kinavunja nguvu ya matone bila kuweka giza.

Pipa_na_Bati (Kibaha)

Mnazungumza mvua kwa vishindo, mimi naomba mzungumze kwa milimita. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi. Ukijua hilo, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema mvua inazidi milimita 50 kwa saa 24, unajua nini kinakuja uani kwako.

Chukua nyumba ambayo paa lake, ukilipima kwa chini na si kwa kufuata mteremko wa bati, ni mita 10 kwa 8. Hiyo ni mita 80 za mraba. Milimita 50 zinakupa lita 4,000. Toa kama asilimia 20 kwa zinazoruka, zinazovuja na kufurika kwenye gata, zinabaki 3,200. Simtanki la lita 1,000 limejaa kabla mvua haijafika hata katikati, na lita 2,200 zinatafuta pa kwenda. Kwa nyumba nyingi zinakwenda kwenye msingi, kwenye banda la kuku au kwa jirani. Bomba la kufurika lipewe njia siku ileile ya kufunga tanki, liishie kwenye migomba. Migomba inakunywa.

Neema_wa_Moshi

Na yale maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege?

Pipa_na_Bati

Yatupe. Kisia nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa paa letu hilo ni lita 40. Wengine wanasimamisha bomba la inchi 4 lililozibwa chini, lijae kwanza ndipo maji yavuke kwenda tankini. Lakini mita moja ya bomba hilo inabeba lita 8 hivi, kwa hiyo utahitaji mita 5, na ukuta wa nyumba ya kawaida hauna kimo hicho. Pipa dogo la lita 40 linafanya kazi hiyo hiyo. Chini yake toboa tundu dogo au weka koki inayodondosha polepole, ili pipa lijitoe lenyewe kabla ya mvua ijayo. Ukilisahau limejaa, mvua inayofuata inapeleka uchafu moja kwa moja kwenye tanki.

Mdomo wa tanki na wa bomba la kufurika vyote vifungwe wavu wa mbu. Wengi wanafunga mmoja tu.

Kipanga_Nyali (Mombasa)

Hamjambo nyote. Huku kwetu Mombasa mwezi wa mvua hasa ni Mei, kwa hivyo bado hatujaona kitu. Nyongeza kuhusu kipimo: chupa ya soda yafaa, lakini kitako chake kimepinda, kitakudanganya. Kata kichwa cha chupa, kigeuze kiwe kama mrija wa kumiminia, utie kokoto chini, mimina maji mpaka yafike pale pande zinaponyooka, hapo ndipo weka alama ya sifuri. Bandika rula. Weka mahali pa wazi, mbali na ukuta na mti, mbali kama mara mbili ya kimo cha kitu chenyewe. Soma saa tatu asubuhi kila siku, maana vituo vya hali ya hewa husoma saa hiyo. Ukisoma saa yoyote upendayo, hesabu yako haitalingana na ya mtu mwingine.

MamaKuku_Kisarawe

Kuku wangoje nini humu? Hakuna aliyewataja.

Masika haiui kuku kwa baridi. Inaua kwa matandazo mabichi. Ingia bandani, chuchumaa mpaka kichwa kiwe usawa wa kuku, vuta pumzi. Ukisikia pua inachoma au macho yanalenga machozi, hiyo ni amonia, na kuku anaivuta usiku kucha huku wewe ukisimama wima huisikii. Kisha chukua maranda kiganjani, kamua. Yakishikana kidogo na kumeguka ukiyaachia, ni sawa. Yakibaki donge, yameshaloa. Yakitiririka vumbi, yamekauka mno.

Maranda yawe sentimita 5 hadi 10, yageuzwe kwa reki kila baada ya siku mbili tatu. Ondoa madonge, usiyafunike kwa maranda mapya juu. Sehemu inayoloa kwanza ni chini ya chombo cha maji: kipandishe juu ya tofali au wavu, mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku.

Halafu turubai. Watu wakiona mvua wanafunga banda pande zote nne. Hapo umefunga na unyevu ndani. Aprili upepo wa kusi unaanza kushika, mvua nyingi inapigwa kutoka kusini na kusini mashariki. Funga upande huo peke yake, na hata hapo acha shubiri moja wazi juu chini ya paa.

Neema_wa_Moshi

Vifaranga wa wiki nne wameanza kujikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Nimeambiwa niwape vitamini.

MamaKuku_Kisarawe

Mwanangu, simama hapo kwanza. Umri huo, msimu huo, kinyesi hicho: shuku koksidiosisi, kuhara damu. Vijidudu vyake vinakomaa kwenye matandazo yenye unyevu na joto, ndiyo maana masika inajaza maduka ya mifugo. Mpeleke mmoja kwa mtaalamu wa mifugo athibitishe. Dawa inayotumika sana ni amprolium kwenye maji ya kunywa, kipimo na siku fuata kibandiko, na chombo kingine cha maji kisiwepo bandani.

Sasa kuhusu vitamini. Amprolium inafanya kazi kwa kumnyima yule kijidudu vitamini B1, kwa kuwa inafanana nayo. Ukichanganya dawa hiyo na unga wa vitamini wenye B1, unamlisha mdudu unayetaka kumuua. Maliza dawa, ndipo utoe vitamini. Hili ndilo linalofanya watu waseme dawa ni feki.

Matandazo yote toa, sakafu ikauke, weka mapya. Dawa bila kubadilisha matandazo ni bure.

Kibaraza_Goba

Na wale wa jiko la mkaa bandani?

MamaKuku_Kisarawe

Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Jiko la mkaa linaweza kufika huko, ila ukilifungia na turubai pande zote unawaua kwa hewa ya mkaa, na wanakufa wamelala vizuri bila dalili ya ugonjwa, mtu anasema ni mdondo (kideri). Mkaa uwashie nje mpaka uwe mwekundu wote ndipo uuingize, na juu pawe wazi. Kuhusu mdondo wenyewe: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu. Wape wasiougua tu. Kuchanja kundi lililokwisha kuugua hakuponyi.

Angalia vifaranga wenyewe kuliko kipimajoto. Wakirundikana chini ya moto wana baridi, wakikimbilia kutani wameungua, wakitawanyika na kula wako sawa.

Msomali_wa_Ilala

Paka je? Paka wetu masika haendi nje, anajisaidia nyuma ya kochi. Nyumba haikaliki.

Daktari_wa_Mtaani (Mwanza)

Paka hapendi kuchimba tope, ndugu yangu. Mpe beseni lenye mchanga mkavu au maranda, kina sentimita 5 hadi 7, liwe refu kumzidi yeye, uliweke pembeni mbali na chakula chake. Toa uchafu kila siku, mchanga wote badili kila wiki. Paka wawili, mabeseni mawili, bora matatu. Nyuma ya kochi usioshe kwa dawa yenye amonia, maana inamnukia kama mkojo na atarudi. Sabuni na maji, kisha siki iliyozimuliwa.

Akiwa dume na unamwona anaingia kwenye beseni mara nyingi, anajikamua, mkojo hautoki au unadondoka tone, hilo si tatizo la tabia. Njia imeziba. Mkimbize kwa daktari siku hiyo hiyo, kesho inaweza kuwa imechelewa.

Na kwa kuwa mmeanza, maonyo mawili. Paka mwenye homa usimpe Panadol, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja, damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia, anakufa. La pili, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake paka, wala mbwa aliyetoka kupakwa asilale naye ikiwa bado mbichi. Paka ataanza kutetemeka na kupata degedege.

Pipa_na_Bati

Kumbe. Na mbwa wa ulinzi, kupe wamemjaa masikioni. Watu wanatumia dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Daktari_wa_Mtaani

Wanatumia, na wengine wanawaua, kwa sababu kipimo cha josho la ng'ombe si cha mbwa na kila chupa ina nguvu yake. Nenda na uzito wa mbwa dukani, ununue ya mbwa, usome kibandiko. Ikiwa ni ya amitraz, vaa glavu, asijilambe mpaka akauke, na paka asiguswe nayo kabisa.

Lakini kupe unayemwona ni sehemu tu. Kupe wa kahawia wa mbwa akishiba anaanguka, anapanda ukutani, anataga maelfu ya mayai kwenye ufa. Ndiyo sababu unamwogesha mbwa Jumamosi, Jumamosi ya pili kajaa tena. Ziba nyufa za banda kwa saruji, choma matandiko ya zamani, fyeka nyasi kuzunguka. Kagua masikio, kwapa, chini ya mkanda wa shingo na katikati ya vidole, huko mwisho ndiko watu hawaangalii.

Kumtoa kupe: shika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimmwagie mafuta ya taa, usimchome na njiti. Mbwa akikataa chakula, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa kama chai ya rangi au damu ikamtoka puani, hayo ni magonjwa ya kupe, yanataka daktari. Na chanjo ya kichaa cha mbwa: akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, paka pia. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali bila kungoja kuona mbwa atafanya nini.

Sohar_Mswahili (Muscat)

Assalaam alaykum wa Bara na Visiwani. Huku Oman sisi kinyume: bustani ya mboga tunaanza Oktoba na Aprili ndiyo tunang'oa, joto linakuja. Bamia ndiyo inayovumilia kidogo, kwa kivuli na maji asubuhi na jioni. Nawaonea choyo matone yenu. Mbegu ya bamia loweka usiku kucha kabla ya kupanda, gamba lake ni gumu. Mnaichuma siku ngapi huko?

Shamba_Darasa

Alaykum salaam. Ikishaanza, kila baada ya siku mbili, ikiwa sentimita 7 hadi 10. Ukiacha moja ikakomaa mtini, mmea unapunguza kutoa nyingine.

Kwa wanaouliza nyanya inbox: Pwani msipande nyanya wazi Aprili. Bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, itawamaliza. Sieni kitaluni Mei, hamishieni bustanini Juni, kipupwe iwalee. Na mnaosema nyanya zimenyauka ghafla zikiwa kijani, fanyeni kipimo hiki: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishike kimening'inia kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Ndani ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi. Maji yakibaki safi bila uzi huo, tafuta sababu nyingine, mara nyingi ni mizizi iliyozama.

Msiotaka presha yoyote, pandeni matembele. Kipande cha shina cha sentimita 25 hivi, theluthi mbili ardhini, kimelazwa kwa mshazari. Baada ya wiki tano unachuma.

BiMwanamvua

Asante mwalimu. Vidukari kwenye sukuma wiki, mwarobaini haufanyi kitu safari hii.

Shamba_Darasa

Unapiga saa ngapi? Jua linaivunja. Mbegu gramu 50 zilizotwangwa kwa lita 1 ya maji, zilale usiku, chuja, tia sabuni kidogo ishike kwenye jani lenye nta, piga jioni, chini ya jani ndiko wanakokaa. Mvua ikinyesha usiku huo, rudia. Na usitegemee wafe papo hapo. Wanaacha kula na kuzaa kwanza. Wakiwa wachache, maji ya nguvu kutoka mpirani yanatosha.

Kipanga_Nyali

Na konokono wale wakubwa? Majivu sisi twamwaga kila jioni.

Shamba_Darasa

Majivu yanafaa yakiwa makavu tu. Yakiloa kazi imekwisha, na ukimwaga kila jioni udongo unakuwa wa magadi. Toka na tochi saa mbili usiku, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, okota tia kwenye ndoo yenye maji ya chumvi. Mchana weka gunia bichi au ubao pembeni ya tuta, asubuhi ugeuze, wote wamejificha hapo. Mayai yao ni meupe ya njano, madogo kuliko punje za mahindi, yamefukiwa kidogo tu chini ya majani. Hayo yaponde kabla hujahangaika na wakubwa.

Neema_wa_Moshi

Nimetoa matandazo yote, dawa wameanza kunywa asubuhi, vitamini nimeiweka kabatini. Moshi mawingu, mlima hauonekani.

MamaKuku_Kisarawe

Sawa mwanangu. Maji yenye dawa badili kila siku, yasilale. Na yale matandazo machafu usiyamwage kwenye mchicha yakiwa mabichi, rundika mbali, yaoze kwanza.